Kuanzisha Timu ya Mieleka Kwenye Chuo cha Marekani: Mwongozo Kamili wa Kocha wa Kwanza

Wengi wanaoajiriwa kuanzisha timu ya mieleka kwenye chuo cha Marekani hukwama mahali pamoja, na si kwenye mkeka. Agosti wanaanza na vijana 25. Baada ya likizo ya Krismasi wanarudi 15. Februari wanakwenda kwenye mashindano ya kanda na tisa, wawili kati yao wana mabega mabovu, na ikifika Mei mkurugenzi wa michezo anauliza kama kweli mchezo huu unakilipa chuo.

Kocha huyo mara nyingi anaijua mieleka vizuri sana. Amejiandaa kufundisha, kumbe miaka miwili ya kwanza kazi yake kubwa ni kuwapata vijana, kuwaingiza chuoni na kuwafanya wabaki. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa wale wenzetu walioko Marekani wanaoitaka au ambao tayari wamepewa funguo za chumba kitupu.

Neno moja kwa asiyeufahamu mchezo: hii si mieleka ya televisheni yenye kamba na viti vya kupigana. Wanaume wa vyuo hupambana kwa mtindo wa Kimarekani uitwao folkstaili, dakika saba kwa vipindi vya tatu, mbili na mbili, katika uzito kumi kuanzia paundi 125 hadi 285. Wanawake hupambana kwa fristaili, ile ya Olimpiki, nao pia wana uzito kumi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Barua ya chuo inayotaja bajeti ya miaka mitatu, si mmoja.
- Chumba cha mazoezi ambacho ni chako mwaka mzima, si cha kupokezana na voliboli.
- Mikeka ya kufunika chumba hicho, pamoja na mkeka mmoja wa mashindano wa futi 42 kwa 42.
- Mizani iliyohakikiwa, na mtu wa afya ya wanamichezo aliyepangiwa timu yako kwa jina.
- Dawa ya kuua vijidudu, matambara na ndoo za chumba cha mkeka peke yake, na mkanda wa kuunganisha mikeka. Nunua mkanda mara mbili ya unavyodhani utahitaji.
- Kinga za masikio na sare. Viatu wengi watakuja navyo.
- Kocha msaidizi mmoja anayelipwa, hata kama ni mwanafunzi wa uzamili.
- Leseni ya udereva iliyo safi. Utaendesha gari la timu usiku, kwenye theluji, saa nne au tano mfululizo. Hilo halitajwi kwenye tangazo la kazi.

Kama viwili vya kwanza havipo, usiendelee hadi uvipate. Vingine vinatafutika njiani.

## Hatua ya 1: Ingia kazini kupitia mlango ulio wazi

Njia ya kawaida ni hii: unapambana chuoni, unabaki kama msaidizi huku ukisoma shahada ya pili, unakuwa kocha msaidizi wa kulipwa, kisha unaomba ukocha mkuu. Anayengoja kazi ya Daraja la Kwanza, la juu kabisa, la NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, atangoja sana, kwa sababu nafasi ni chache na waombaji ni mabingwa wa zamani.

Timu mpya kwa kawaida huzaliwa kwenye vyuo vidogo vya binafsi: NAIA (chama kingine, cha vyuo vidogo zaidi), Daraja la Pili na la Tatu la NCAA, na vyuo vya miaka miwili vya NJCAA. Huko ndiko wanakohitaji mtu wa kuanza na chumba kitupu. Chama cha makocha wa mieleka, NWCA, husaidia vyuo vinavyotaka kuanzisha timu, kwa hiyo jiunge nacho mapema ujue nani anafikiria nini kabla tangazo halijatoka.

Usiidharau timu ya wanawake. NCAA iliiweka mieleka ya wanawake kwenye orodha ya michezo inayochipukia mwaka 2020, na Januari 2025 ikapitisha iwe na ubingwa wake rasmi kuanzia 2026. Chuo Kikuu cha Iowa kilimwajiri Clarissa Chun mwaka 2021 kuanza na karatasi tupu. Kilianza kushindana rasmi msimu wa 2023–24, na msimu huohuo kikatwaa ubingwa wa taifa, ambao wakati huo haukuwa bado wa NCAA. Si kila chuo ni Iowa, ni kweli, lakini kazi nyingi mpya ziko upande huu na washindani wa kuziomba ni wachache.

Utajua umefaulu ukiulizwa kwenye usaili, "Utaleta vijana wangapi?" na ukawa na jibu lenye majina ya shule, si lenye matumaini.

## Hatua ya 2: Ujue kwa nini umeajiriwa, kisha ubane ahadi kwa maandishi

Timu mpya huanza kwa sababu mbili kuu, na usipoijua ya kwako utaendesha timu isiyo yako.

Ya kwanza ni zawadi kubwa. Chuo Kikuu cha Arkansas tawi la Little Rock kilianzisha timu ya kwanza ya Daraja la Kwanza jimboni humo baada ya mfanyabiashara Greg Hatcher kuahidi dola milioni 1.4. Morgan State, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi mjini Baltimore, kilirudisha mieleka kwa msaada wa dola milioni 2.7 uliotangazwa mwaka 2021, kikamchukua Kenny Monday, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988. Ukiwa kwenye chuo cha aina hii, mfadhili ndiye mtu wako wa pili baada ya mkurugenzi. Mpe habari kila mwezi, za kheri na za shari.

Ya pili, na ndiyo ya wengi, ni ada. Chukua mfano wa kubuni. Ada inayobaki baada ya msaada wa chuo ni dola 15,000 kwa mwanafunzi. Vijana 30 ni dola 450,000 kwa mwaka. Toa mshahara wako na wa msaidizi, mabasi, hoteli na mikeka. Kinachobaki ndicho kilichomfanya rais wa chuo akubali. Kwa hiyo kijana wa paundi 157 anapoacha, wewe unaona pengo kwenye timu, lakini ofisi ya fedha inaona dola 15,000 mara miaka aliyobakiza.

Grand View ya Des Moines, Iowa, ni chuo kidogo cha namna hiyo. Nick Mitchell aliianzisha timu mwaka 2008, na mwaka 2012, msimu wa nne, wakawa mabingwa wa NAIA, kisha wakaendelea kulitwaa taji hilo mwaka baada ya mwaka. Kila kocha mpya anautaja mfano huu. Wachache wanakumbuka kwamba hata Grand View ilihitaji vikosi vinne vya vijana wapya kufika hapo.

Sasa andika na mkurugenzi asaini: idadi ya vijana unayotakiwa kuleta kila mwaka, fedha za ufadhili ulizonazo, siku za chumba, na nani analipa daktari. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Daraja la Pili lina kikomo cha sawa na fadhili tisa kamili, unazogawanya vipande vipande. Daraja la Kwanza lilikuwa na 9.9 mpaka mapatano ya kesi ya House, ya wanamichezo walioishtaki NCAA wakidai malipo, yalipopitishwa Juni 2025. Vyuo vilivyojiunga na mapatano hayo sasa vinabanwa na idadi ya wachezaji, ambayo kwa mieleka ni 30.

Tahadhari: uliza pia kuhusu Title IX, sheria ya mwaka 1972 inayodai usawa wa wanawake na wanaume katika elimu, michezo ikiwemo. Timu ya wanaume ikiongeza vijana 35 bila wasichana kuongezeka, chuo kinaweza kuingia matatani, na timu ya mwisho kuingia huwa ya kwanza kukatwa. Pendekeza timu zote mbili zianze pamoja au kwa kufuatana. Na usidhani jina kubwa ni kinga. Stanford ilitangaza kuifuta mieleka Julai 2020, na ilirudishwa Mei 2021 tu kwa sababu wahitimu wake walisimama na fedha na mawakili. Wewe huna wahitimu bado.

## Hatua ya 3: Chumba na mkeka

Duara la kupambania la chuo lina kipenyo cha futi 32 kwa uchache, na pembeni yake panatakiwa ukingo wa usalama wa futi tano. Ndiyo maana mkeka wa mashindano ni futi 42 kila upande.

Kwa mazoezi, hesabu futi 10 kwa 10 kwa kila jozi. Mkeka mmoja wa 42 kwa 42 unabeba jozi kama 16 au 17 wakifanya mbinu taratibu, na nusu yake wakipambana kwa nguvu. Ukibananisha zaidi, goti la mmoja litaangukiwa na mwili wa mwingine. Kuna majeraha yanayotokea hivyo, si kwa mbinu mbaya.

Kuta zifunikwe kwa pedi mpaka futi sita. Joto la chumba lisimshinde mtu anayefanya mazoezi. Kocha anayekigeuza chumba kuwa tanuri ili vijana wapungue uzito anavunja kanuni, nitafika huko.

Utajua pamekaa sawa ukitembea peku chumba kizima na usihisi mshono hata mmoja.

## Hatua ya 4: Sajili idadi kwanza, majina baadaye

Timu mpya hufa kwa mashimo. Pambano la timu kwa timu lina uzito kumi. Ushindi wa kawaida unatoa pointi 3, wa tofauti ya pointi 8 hadi 14 unatoa 4, wa tofauti ya 15 unatoa 5, na kumlaza mtu mabega chini ni 6. Ukikosa mtu kwenye uzito fulani, mpinzani anapewa 6 bila kutoka jasho. Mashimo matatu ni pointi 18, kabla hujavua koti.

Kwa hiyo lenga vijana 30 mpaka 35 mwaka wa kwanza, na wapange hivi kichwani:

Uzito wa katikati, 149 hadi 174, utajijaza wenyewe. Usitumie fedha zako nyingi hapo. Shida ni ncha mbili. Wa 125 ni wachache kwa sababu wavulana wengi wa miaka 19 hawako wepesi hivyo tena. Wazito wa 285 ni adimu kwa sababu mpira wa Kimarekani unawachukua wote. Nenda ukazungumze na kocha wa mpira kabla ya kitu kingine, mkubaliane kwamba kijana wake wa mstari wa mbele anaweza kuja kwako Novemba msimu wao ukiisha. Tafuta wawili kwa kila ncha. Mmoja ataumia.

Wapi pa kuwaona? Mashindano ya majimbo ya shule za sekondari, Februari na Machi. Fargo, North Dakota, kila Julai, kwa fristaili na Kigiriki-Kirumi. Super 32 ya North Carolina wakati wa vuli. Huko kila kocha yupo na wewe huna mataji ya kuonyesha, kwa hiyo usiwafukuzie mabingwa. Kaa kwenye mikeka ya pembeni ambako wanapigania nafasi ya tano na ya saba. Angalia kijana aliyepoteza asubuhi anavyopambana mchana. Ninamwamini huyo kuliko bingwa aliyezoea kushinda.

Angalia pia anavyoshambulia akiwa amesimama. Tangu msimu wa 2023–24, kumwangusha mtu na kumdhibiti kunatoa pointi 3 badala ya 2, huku kuponyoka kukibaki 1. Kijana mwenye shambulio moja la uhakika la miguu ana thamani zaidi kuliko zamani.

Tahadhari: kila daraja lina kalenda yake ya lini unaruhusiwa kuongea na mwanafunzi. Kwa Daraja la Kwanza, mawasiliano hufunguliwa Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Mpe ofisa wa kanuni wa chuo orodha yako kila wiki. Ni afadhali akuchoshe yeye kuliko wakuchoshe wachunguzi.

## Hatua ya 5: Sebuleni kwa wazazi

Hapa msemaji wa Kiswahili ana mlango ambao wengine hawana. Iowa, ambako mieleka inajaza viwanja, ina familia nyingi za Wakongo na Warundi Des Moines na Cedar Rapids, na watoto wao wanaingizwa kwenye mchezo na walimu wa sekondari. Kijana anaipenda. Mzazi anajua ile ya televisheni tu.

Mama mmoja ataweka chai mezani, akutazame, kisha aulize kwa Kiswahili cha kwao: "Sasa mwalimu, mtoto anaenda kusoma ao anaenda kupigana?"

Usijibu kwa mdomo. Toa barua ya msaada wa fedha, iweke mezani, na uipitie mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Mfano, gharama zote za mwaka ni dola 40,000. Chuo kinatoa 20,000, hii hairudishwi. Ruzuku ya Pell ya serikali kwa familia yenye kipato kidogo, kiwango cha juu 7,395, nayo hairudishwi. Mkopo wa serikali wa mwaka wa kwanza, 5,500, huu *unarudishwa*. Jumla 32,895. Zimebaki 7,105.

Makocha wengi huishia kusema "zimebaki elfu saba." Sema ukweli wote: "Mama, mzigo wa familia ni 12,605 kwa mwaka, kwa sababu mkopo pia ni wenu." Familia inayojua hesabu tangu mwanzo haimtoi mtoto Januari. Iliyodanganywa humtoa, na wewe unapoteza kijana, mama na jirani zake wote wa kanisani.

Mambo matatu zaidi ya sebuleni:

Uliza kwa adabu nani mwenye kauli ya mwisho. Huenda si baba aliyekaa mbele yako, bali baba mdogo aliye Kentucky au mchungaji. Piga simu hiyo siku hiyohiyo.

Uliza vyeti mapema. Mwanafunzi aliyepitia kambi ya Nyarugusu au Kakuma anatakiwa kuonyesha masomo yake yote ya sekondari kwa kituo cha ustahiki cha NCAA au NAIA, na karatasi za kambini huchukua muda. NCAA, kwa Daraja la Kwanza na la Pili, inataka kozi za msingi 16. Kijana aliyeingia shule ya Marekani darasa la 10 anaweza kupungukiwa bila mtu kumwambia. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni jambo. Wakimbizi wengi wameandikiwa Januari 1, na umri na tarehe ya kumaliza sekondari vinagusa haki ya kucheza. Rekebisha nyaraka, usibuni.

Na usimsifie mtoto kupita kiasi mbele ya wazee. Sema atafundishwa, ataishi wapi, atakula nini, na nani atapigiwa simu akiugua.

Utajua umefaulu mzazi akikuuliza tarehe ya kuhamia bwenini kabla ya kukuuliza kuhusu mashindano.

## Hatua ya 6: Uzito, bila mchezo wa kuigiza

Mwishoni mwa 1997, wanafunzi watatu wa vyuo tofauti walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha ili washuke uzito. Kanuni unazozikuta leo zilitokana na vifo hivyo. Sauna, nguo za mpira na dawa za kukojoza ni marufuku. Kupima uzito kunafanyika karibu na muda wa pambano ili kusiwe na nafasi ya kujikausha na kujaza maji upya.

Kabla ya kushindana kila kijana anapimwa. Kwanza mkojo: ukolezi wake usizidi 1.020, kuthibitisha hajajikausha. Kisha uzito na mafuta ya mwili. Kiwango cha chini cha mafuta ni asilimia 5 kwa wanaume na 12 kwa wanawake, na hawezi kushuka kwa zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki.

Fanya hesabu pamoja naye, usimwachie mfumo peke yake. Kijana ana paundi 160 na mafuta asilimia 12. Mwili usio na mafuta ni paundi 140.8. Gawanya kwa 0.95, unapata 148.2. Basi 149 inawezekana, 141 isahau. Na kufika 149 kwa asilimia 1.5 kwa wiki ni safari ya wiki tano. Kama ubao wako wa timu una jina lake kwenye 141, lifute leo.

Msimamo wangu ni mkali zaidi ya kanuni: mwaka wa kwanza wa timu mpya, mwache kila mgeni apambane kwenye uzito aliokuja nao, au mmoja chini. Kijana mwenye njaa, mbali na nyumbani, mwenye mtihani wa kemia Jumatano, ndiye anayefungasha virago Krismasi.

## Hatua ya 7: Ngozi

Timu ya vijana 30 inaweza kuwa 18 kwa wiki moja kwa sababu ya choa peke yake. Magonjwa mengine ni malengelenge ya herpesi, impetigo (vidonda vya bakteria), na bakteria sugu aina ya MRSA.

Utaratibu wa kila siku, bila kuruka:

1. Fagia mkeka kwanza. Dawa juu ya vumbi haifanyi kazi.
2. Pitisha dawa kwa tambara safi ukirudi nyuma, usikanyage ulipopita. Iache ilowe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika kadhaa. Anayepangusa papo hapo ameosha, hajaua kitu.
3. Hakuna kiatu cha nje mkekani, na hakuna kiatu cha mieleka msalani. Hili la pili ndilo linalosahaulika.
4. Kila mtu anaoga mara baada ya mazoezi, sabuni yake, taulo yake. Wembe haukopeshwi.
5. Kabla ya mazoezi, panga mstari. Msaidizi anaangalia shingo, uso, mikono na mgongo.

Doa lenye ukingo mwekundu uliopanda na katikati iliyopauka likionekana, mtoe kijana palepale na mpeleke kwa mtu wa afya. Choa cha ngozini kinahitaji angalau saa 72 za dawa ya kupaka kabla ya kurudi kushindana, herpesi ya mara ya kwanza si chini ya saa 120 za dawa ya kumeza. Kijana akificha doa ili asikose pambano, usimwaibishe mbele ya wenzake. Ukimwaibisha, wa pili atalificha vizuri zaidi.

## Hatua ya 8: Ratiba inayowapa watu ushindi

Mashindano huanza mwanzoni mwa Novemba na ubingwa uko Machi. Katikati hapo utapigiwa simu na timu kubwa inayotaka kukujaza kwenye ratiba yake. Kataa, angalau mwaka wa kwanza.

Jaza Novemba na mashindano ya wazi yenye makundi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambako kila kijana wako, hata wa tatu kwenye uzito wake, anapata mapambano kadhaa kwa siku moja. Kijana ambaye hajashinda hata pambano moja kufikia Krismasi kwa kawaida harudi. Kazi ya ratiba ni kuhakikisha hayupo wa namna hiyo.

Mazoezini fundisha vichache: shambulio moja la miguu, kuinuka kutoka chini, na kutogeuzwa mgongo. Anayeshikiliwa chini kwa dakika moja au zaidi kupita muda aliomshikilia mwenzake humpa mpinzani pointi ya bure mwishoni, na timu changa hupoteza mapambano mengi pale chini. Daraja la Kwanza lina kikomo cha saa 20 kwa wiki na siku moja ya mapumziko kamili, na ni kipimo kizuri hata usipobanwa nacho.

## Hatua ya 9: Linda Januari

Anza kuilinda Oktoba. Pata alama za katikati ya muhula za kila mmoja na ukae naye dakika kumi. Anayeshuka chini ya krediti 12 anapoteza haki ya kucheza, na wengi huacha kozi moja bila kujua hilo. Panga chumba cha kusomea, jioni nne kwa wiki, simu kwenye kikapu mlangoni.

Kabla ya likizo, jua nani hana nauli ya kurudi, nani hana pa kwenda bweni likifungwa, na nani anadaiwa ada. Deni la dola 600 linaweza kumzuia kijana kusajiliwa muhula mpya, na ataona haya kukwambia. Ofisi ya fedha itakwambia ukiuliza mapema. Piga simu kwa kila mzazi wiki ya mwisho ya Desemba. Si ya kumshawishi, ni ya kumjulia hali.

Kipimo: wakirudi wanane kati ya kila kumi, timu yako iko hai, hata kama hujashinda pambano la timu hata moja. Peleka takwimu hiyo kwa mkurugenzi mwenyewe, ukurasa mmoja: waliokuja, waliobaki, wastani wa alama, ada waliyolipa. Matokeo ya mkekani yaweke chini.

## Hatua ya 10: Simu ya kazi nyingine

Timu ikisimama, mwaka wa tatu au wa nne chuo kikubwa kitakupigia. Hakuna ubaya kuondoka, ndivyo ngazi ya kazi hii ilivyo. Ubaya ni kuondoka na timu kichwani mwako.

Acha faili lenye orodha ya vijana unaowafuatilia, mikataba ya ratiba ya mwaka ujao, tarehe za kupimwa uzito, namba za wazazi na jina la aliyeuza mikeka. Mweleze mkurugenzi kwanza, kisha vijana jioni hiyohiyo uso kwa uso, kabla hawajasoma mtandaoni.

Baada ya hapo, usimpigie kijana yeyote wa timu uliyoiacha wala mjomba wake kumwuliza kama angependa kukufuata. Kanuni za NCAA zinakataza mpaka jina lake liingie kwenye mfumo wa uhamisho, na hata likiingia, subiri akutafute yeye.